Mtoto Asiyeitika

Kwa miaka miwili na zaidi, kila kanga yangu ilikuwa na pembe moja iliyokakamaa kama nguo iliyotiwa wanga. Yalikuwa makamasi ya mwanangu. Nilimpangusa asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikampangusa nikirudi, nikampangusa akila, nikampangusa akilia kwa sababu nimempangusa. Nguo inafuliwa, inaanikwa, na kabla jua halijatua ile pembe imeshakakamaa tena. Nilifika mahali nikawa nachagua kanga za kushindia nyumbani kwa rangi. Za kijani na za manjano ndizo zilizopata kazi, kwa sababu ambazo sina haja ya kuzieleza.

Mafua yalimwanza akiwa na miezi kama kumi. Mtoto kupata mafua si habari. Tunakaa Kiegeani, kisiwani Mafia, na sijaona hapa mtoto aliyekua bila kuchuruzika pua. Lakini ya watoto wa wenzangu yalikuja yakaondoka, ya kwangu yalihamia. Yanapungua siku nne, unaanza kushukuru Mungu, siku ya tano hayo yanashuka upya. Watoto wa jirani walimwita Bwana Mishumaa, na mimi nilicheka, maana ilikuwa kweli. Ile mishumaa miwili chini ya pua haikuzimika.

Baadaye likaja sikio. Alilia tangu alasiri, mwili wa moto, mkono umeng'ang'ania sikio la kushoto, hataki kubebwa wala kuwekwa chini. Asubuhi nikakuta mto una doa la manjano linalonuka, na mwenyewe kanyamaza kabisa, anaomba uji. Nikampeleka zahanati. Nesi wetu ni binti kutoka bara, mpole, mwembamba, anayeandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Akanipa dawa ya maji ya rangi ya pinki, mara tatu kwa siku, siku saba. Akaniambia sikio lisiingie maji na tusitie kitu chochote humo. Tukamaliza dawa, usaha ukakauka. Wiki tatu zikapita, likaanza sikio la kulia.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mafua, homa, sikio, pinki, halafu nafuu ya siku chache. Chupa tupu za dawa nilizigeuza za kutilia mafuta ya taa, na wakati mmoja nilikuwa nazo nane dirishani.

Tunaishi ua mmoja na mama wa mume wangu, mavyaa, kama wanavyosema wakubwa wetu. Yeye ni mzaliwa wa Kisiwa cha Bwejuu, ameolewa huku akiwa msichana, na mpaka leo akisema "nyumbani" anamaanisha Bwejuu. Ndiye aliyekuwa akibaki na mtoto nikiwa shule nafundisha. Alimpenda mjukuu wake huyo kupita kiasi, na alikuwa na dawa zake. Mvuje alimfungia kitambaani shingoni. Habasoda alimnusisha. Na kila sikio lilipoanza, alichemsha mafuta ya nazi na punje za kitunguu saumu, akayaacha yapoe kidogo, akamdondoshea. Nilikuwa nikirudi kazini namnusa mtoto kichwa, ananuka pilau.

"Mama, nesi alisema tusitie kitu sikioni."

"Nesi ana watoto wangapi?"

"Bado hana."

"Mimi nimezaa saba. Haya, mwanangu, kavue baibui upumzike."

Ungefanyaje? Nikavua baibui nikapumzika. Mavyaa si mtu wa kubishana naye. Anakushinda huku anakupakulia chakula.

Mume wangu ni fundi wa mashine za boti kule Kilindoni. Anatoka alfajiri, anarudi jioni akinuka petroli. Yeye alichokiona zaidi ni mkoromo. Alisema, "Huyu mtoto anakoroma kuliko mashine za watu." Na kweli alikoroma, hata usingizi wa mchana, kifua kinapanda na kushuka, mara mkoromo unakatika kabisa, unahesabu moja, mbili, tatu, kisha anavuta pumzi kwa nguvu na kuendelea. Akiwa macho, mdomo ulikuwa wazi wakati wote. Tuliuchukulia kuwa ndio uso wake. Mavyaa alisema babu yake naye alikuwa hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kwetu mtoto akiitwa huitika. Mvulana husema "Naam," msichana husema "Abee," na ukisikia mtoto anajibu "Nini?" ujue huyo hajalelewa, au kalelewa mjini. Mtoto wa miaka miwili na kitu tayari anajua. Anaweza asijue kuvua suruali yake, lakini akiitwa ataitika, tena atakuja mbio kuona ameitiwa nini. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Kwa miaka kumi na moja nimepokea watoto wa watu, wengine hawajawahi kukaa kitini, na kitu cha kwanza ninachowafundisha, kabla ya a na kabla ya moja, ni kuitika.

Wa kwangu haitiki.

Ninaita, anaendelea kujaza mchanga kwenye kopo. Naita mara ya pili. Naita mara ya tatu kwa sauti ya kuamsha kijiji, ndipo anageuka taratibu, ananitazama na mdomo wake wazi, anatabasamu. Looo! Lile tabasamu ndilo lililonimaliza. Niliona ananichezea. Tukikutana na mtu mzima njiani namwambia, "Msalimie, sema shikamoo," yeye anatazama miguu yake. Jirani mmoja alisimama akaniangalia, akamwangalia mtoto, akasema kwa utani, "Mwalimu, wa kwako hajaandikishwa?" Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nilitupa mkoba chini mpaka chaki zikavunjika.

Na kilichonidanganya ni kwamba wakati mwingine aliitika. Nikiwa mbele yake, tunatazamana, nikimwita anasema "Aam," vizuri kabisa. Basi nikakata shauri kwamba anasikia akitaka. Nilimwambia mume wangu, "Sikio la kufa halisikii dawa. Huyu samaki tusipomkunja sasa, baadaye atatuvunjikia." Mume wangu akasema bado mdogo. Nikamwambia mdogo ni yule wa kunyonya.

Niseme ukweli, kwa kuwa nimeshaanza. Nilimpiga. Hakikuwa kipigo cha kuitisha majirani. Kilikuwa kofi la mkono, au kumfinya paja, au kumshika sikio na kumgeuza anitazame. Kila nilipomwita akakaa kimya alipata kimojawapo. Naye alilia kwa mshangao mkubwa, kila mara, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mshangao ule niliuona nikauita ujanja.

Maneno yake yalikuwa machache. Alipotimiza miaka miwili na nusu sikufikisha kumi nilipoyahesabu, na mengine nilikuwa nayaelewa mimi peke yangu. Mavyaa alisema wavulana huchelewa. Kisha, baada ya sikio kurudi mara nyingine, akasema amekwisha kupata jibu. Ni kimeo.

Kila mtu wa kwetu anajua habari ya kimeo. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Wazee wanasema kikirefuka humkuna mtoto kooni, anakohoa, anatapika, anapata homa zisizoisha, na ulimi unakuwa mzito. Dawa yake ni kukikata. Kule Bwejuu kuna fundi aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake, na watoto wote saba wa mavyaa walipita mkononi mwake au mwa baba yake. Mume wangu hana kimeo. Nimeangalia.

Nilikataa. Nilisema hakuna wembe utakaoingia kinywani mwa mwanangu. Mavyaa akaninunia siku tatu, na kununa kwake ni kuzidisha adabu, "ahsante mwalimu," "samahani mwalimu," mpaka unatamani akutukane. Lakini ikaja homa nyingine, akakesha naye yeye maana mimi nilikuwa hoi, na asubuhi akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, nesi wako amempa chupa ngapi?" Nilitazama dirishani, nikaona zile nane. Nikasema, "Haya, Mama. Mpeleke." Tukapatana iwe Jumamosi. Alhamisi yeye akavuka kwenda Bwejuu kumwona fundi na kulala kwa dada yake, na Ijumaa, kwa kuwa hakuna mtu wa kubaki na mtoto, nikamchukua nikaenda naye darasani.

Nina namna yangu ya kuita mahudhurio. Watoto wa darasa la awali ukiwaita kwa ukali wanapiga kelele zaidi, kwa hiyo mimi huwaambia wafumbe macho. Wote hufumba. Navua viatu ili wasisikie ninakopita, natembea kati yao, na popote nilipo nalitaja jina moja kwa sauti ya chini. Mwenye jina anaitika bila kufumbua. Darasa linatulia tuli. Wanaupenda mchezo huo kuliko uji. Tukimaliza nasema, "Fumbueni," wanafumbua kwa kelele, na siku imeanza.

Siku ile mwanangu alikaa mkekani katikati yao, kati ya wasichana wawili wa miaka mitano waliojifanya mama zake. Nikasema fumbeni macho. Aliwatazama wenzake, akaona wanavyofanya, akafumba. Alifumba kwa nguvu hasa, uso wote umekunjamana, na mdomo wazi kama kawaida. Nilifurahi. Nikaita jina la kwanza, la pili, nikazunguka, na nilipofika nyuma yake nikasema nimwingize naye mchezoni. Nikalitaja jina lake.

Kimya. Nikalitaja tena. Watoto wakaanza kucheka chini kwa chini. Mtoto wa mwalimu haitiki! Damu ikanipanda usoni. Nikaendelea na wengine mpaka mwisho, nikasema, "Fumbueni!" Wakafumbua na kelele zao. Yeye hakufumbua. Alikaa vile vile, macho yamefumbwa, anatabasamu, mikono juu ya magoti kama alivyowaona wenzake. Darasa zima likamgeukia na kucheka.

Nilikwenda moja kwa moja nikamshika sikio, nikalifinya. La kushoto, ambalo lilikuwa halijakauka.

Alipiga ukelele ambao sitausahau. Alifumbua macho akanitazama, kisha akatazama huku na huku, akaona wote wamefumbua, akaelewa mchezo umekwisha. Niliona kabisa alipoelewa. Na yule msichana aliyekaa kushoto kwake akasema, wala hakusema kwa kunisuta, alisema kama anavyosema kalamu yake imevunjika: "Mwalimu, huyu hasikii. Mimi nimemwambia fumbua, fumbua, hasikii."

Astaghfirullah. Nilibaki nimesimama na usaha kidoleni.

Kumbe katika darasa lile yeye ndiye pekee aliyetii. Wengine walichungulia kwa vidole, kama kawaida yao. Yeye alifumba akangoja aambiwe afumbue, na angengoja mpaka kesho.

Nilimnyamazisha. Nilimpa chaki na ubao mdogo, akaanza kuchora mistari yake, nami nikasimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ile ya chini. Hakugeuka. Nikapandisha. Nikapandisha tena. Nilipofikia sauti ya kumfanya mwalimu wa darasa la pili achungulie mlangoni kuuliza kuna nini, ndipo mwanangu akageuka taratibu, akanitazama na mdomo wazi, akatabasamu. Lile lile tabasamu. Hakuwa ananichezea. Alikuwa amefurahi kuniona.

Niliwaacha watoto kwa mwenzangu nikaenda zahanati kwa miguu, nimembeba mgongoni mtoto mzito wa karibu miaka mitatu, nalia njia nzima. Watu walinipa pole wakidhani nimefiwa.

Nesi alimwangalia masikio, akamwangalia koo, akasimama nyuma yake akamwita kwa mnong'ono, akapiga makofi taratibu. Kisha akaniuliza maswali. Akilala anakoroma? Ndiyo. Mkoromo unakatika katikati? Ndiyo. Mchana anapumulia mdomo? Ndiyo, dada, ndiyo. Akaniuliza kwa nini sikumwambia siku zote hizo. Nani hupeleka mkoromo zahanati? Nilikuwa nampelekea homa na usaha, vitu vya kuoneka. Akasema anashuku nyama za pua, na akaniandikia barua kwa mwandiko wake mzuri niende hospitali ya wilaya Kilindoni siku ya Jumatatu. Nikamwuliza kuhusu kimeo. Akanitazama kwanza, akasema, "Mwalimu, nakuomba, asikatwe. Atavuja damu bure, na masikio yatabaki vile vile."

Mavyaa alirudi jioni ile na habari njema kwamba fundi anatungoja kesho. Nilimwambia yote. Alinisikiliza, hakubisha, akaenda chumbani kwake, akarudi na kipande cha halua. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini, ametupa mgongo. Mavyaa akakaa kwenye kigoda nyuma yake na kumwita kwa yale majina yote ya kudekeza anayomwitia, "Mume wangu, bwana harusi wangu, njoo ule halua." Aliita, akaita. Mtoto alikuwa anamtazama kuku.

"Siku zote nilidhani ananidekea," alisema mavyaa. Akafunika uso kwa kanga. Baada ya muda akaondoka kwenda kutafuta mtu wa kumpelekea fundi ujumbe asitungoje.

Kilindoni daktari alitueleza kwa kuchora nyuma ya karatasi. Nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, pana vinyama ambavyo kila mtoto anavyo. Vya huyu vimevimba kwa mafua ya mara kwa mara, vimeziba njia ya pua, ndiyo maana anapumulia mdomo na kukoroma. Vimeziba pia kijia chembamba kinachotoka puani kwenda ndani ya sikio. Basi maji yanajikusanya nyuma ya ngoma ya sikio na hayana pa kutokea. Mara yanaoza, anapata homa na usaha. Mara yanakaa tu, hakuna homa, hakuna kulia, na hapo ndipo hasikii na sisi tunasema amepona. "Anasikia kama mtu aliyezama," alisema. Mume wangu akauliza kama atabaki hivyo. Daktari akasema haelekei, lakini asichelewe, maana huu ndio umri wa kujifunza kusema, na mtoto husema kile anachokisikia.

Alitupa rufaa ya Dar es Salaam. Tukapanda boti mpaka Nyamisati, kisha basi, tukafikia kwa shemeji yangu Mbagala. Daktari wa masikio akampima kwa mashine, akathibitisha. Lakini hakukimbilia kisu. Alisema vinyama hivi vingine hunywea vyenyewe mtoto akikua, akatupa dawa ya kupulizia puani na kututaka turudi baada ya miezi mitatu. Alitufundisha tukae mbele ya mtoto tunaposema naye, tumguse bega kwanza, tuseme kwa sauti iliyo wazi.

Nilirudi nyumbani nikitaka kujua mtu aliyezama anasikiaje. Jumapili moja maji yalipojaa tulikwenda ufukweni, mimi na mavyaa na mtoto. Nikaingia mpaka kifuani, nikamwomba mavyaa asimame pale kwenye maji ya magoti aseme nami, nikazama mpaka masikio yakafunikwa, macho nje. Nilimwona anasema. Midomo inakwenda, mikono inakwenda, na kinachonifikia ni mmm, mmm, mmm. Nilipotoka nikamwuliza alikuwa anasema nini. Akasema, "Nilikuwa nakuuliza kama umerukwa na akili."

Tulijifunza kuishi na mtoto asiyesikia. Mume wangu alikuwa akirudi anapiga kwanza mguu sakafuni ili mtoto ahisi mtetemo. Mavyaa alimshika kidevu, akasema naye kwa macho na nyusi. Mimi nilitumia koo. Niliita kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya shamba la minazi, asubuhi mpaka jioni, njoo, kula, acha, kaa, na kwa kuwa mtu hawezi kupaza sauti bila kukunja uso, nilikuwa pia nimekunja uso. Nilijisemea ni kwa ajili yake.

Miezi mitatu ikapita, mafua mawili, sikio moja. Tukarudi Dar, safari hii na mavyaa, mtoto akapimwa tena, masikio yote yamejaa. Daktari akasema sasa tuvitoe vile vinyama, na masikio tuyatoboe kitundu kidogo tuyanyonye maji.

Niliogopa. Sina neno jingine la kuweka hapo. Sikuogopa kisu, niliogopa kwamba wangempeleka mbali nami na nisingeweza kumwambia ninabaki wapi. Mtoto mwingine ungemnong'oneza, mama yuko hapa mlangoni, amka utamkuta. Wa kwangu nilimpigia magoti, nikamwonyesha kifua changu, nikaonyesha benchi, nikaonyesha sakafu. Mimi, hapa, chini. Alinitazama midomo. Muuguzi akambeba, naye mtoto akageuza kichwa begani kwake kunitazama mpaka mlango ukafungwa. Mavyaa alishika tasbihi yake akazungusha, na kila aliyeketi karibu nasi alipata habari yote tangu mafua ya kwanza. Kitunguu saumu alikiruka.

Walipotoka, daktari alisema kila kitu kimekwenda salama. Alisema yale maji yalikuwa mazito kama ute wa yai. Mtoto alikuwa analia kwa sauti ya kukwaruza, na alipotuona akazidi.

Kesho yake mchana alilala kwa shemeji yangu, juu ya mkeka sebuleni. Mdomo ulikuwa umefungwa. Sikuwahi kuona midomo yake ikikutana usingizini, na hakukoroma. Mavyaa aliweka kiganja mbele ya pua yake mara tatu kuhakikisha anapumua. Alipoamka, bajaji ikapiga honi nje, akaruka akanikumbatia shingo akilia. Sisi wanawake tukaangaliana na kuanza kucheka na kulia kwa pamoja, na shemeji akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi.

Tulirudi Mafia. Siku zile za kwanza alikuwa na kazi nyingi. Alisimama chini ya bati mvua ikinyesha, akatazama juu. Alimfuata jogoo. Aliweka sikio kwenye tumbo la baba yake. Kila sauti ilimpasa aone inatoka wapi, na tulichelewa kila mahali. Maneno yakaanza kuja, moja moja, kisha mawili kwa pamoja, tena yenye herufi zake zote. Mavyaa alinihesabia kila nilipotoka kazini.

Ilikuwa kama wiki mbili hivi tangu turudi. Asubuhi, nimechelewa, mavyaa yuko kisimani, na mtoto alitakiwa kumfuata huko nikiondoka. Alikuwa amekaa kizingitini, miguu mitupu, ndala pembeni yake. Mimi nimesimama ndani, hatua mbili kutoka alipo, nafunga mkoba. Nikamwambia avae ndala. Nilimwambia kama nilivyozoea kumwambia.

"VAA NDALA!"

Alishtuka mwili mzima. Akaweka mikono miwili juu ya masikio, akainama, akabaki hivyo, anangoja kofi. Kofi halikuja. Akanitazama kwa chini na kusema, polepole, kama mtu anayetoa taarifa na hana hakika kama itapokewa:

"Mama, nasikia."

Nilikuwa nimemtakia masikio kwa dua na kwa machozi, na sasa anayo, na katika siku zote hizo tangu ayapate hakuwahi kunisikia ila nikigomba. Sauti ya bibi yake aliijua. Ya baba yake aliijua. Yangu ilikuwa ile.

Nikaketi kizingitini ubavuni mwake. Nilitafuta sauti nyingine, na ilichukua muda kuipata.

"Vaa ndala, baba."

Akavaa. Alizipishanisha, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, nikamwacha aende hivyo hivyo.